Ugonjwa wa Fangasi Urudio kwa Wanawake, na Haja ya Kupima Kabla ya Kutibu

Baina ya mwaka 1991 na mwaka 1994 ulifanyika katika mkoa wa Mwanza utafiti mmoja ambao hata leo hutajwa katika vyuo vya utabibu vya mashariki na magharibi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kushirikiana na shirika la AMREF na chuo cha London kifundishacho maradhi ya nchi za joto, ilizichagua jamii 12 za mkoa huu, ikazigawa jozi kwa jozi, na katika nusu yake ikavipa vituo vya afya na zahanati dawa za kutosha pamoja na mafunzo ya kuyatibu maradhi ya zinaa kwa kuzitazama dalili tu, bila kungoja majibu ya maabara, ambazo wakati huo zilikuwa chache na za mbali. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet, ilidhihirika kwamba maambukizo mapya ya VVU katika jamii zilizohudumiwa namna hiyo yalikuwa pungufu kwa kadiri ya asilimia 40 kuliko katika jamii nyingine. Mganga wa zahanati ya kijijini, asiye na hadubini wala umeme, alikuwa ameokoa roho za watu kwa macho yake, masikio yake na kabati dogo la dawa.

Fahari hiyo ni ya haki, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini tiba ya kutazama dalili, ambayo kwa kidonda kilicho wazi au kwa usaha wa kisonono cha mwanamume hufaa sana, ina mahali inapopungukiwa, na mahali penyewe ni pale mwanamke anapokuja na malalamiko ya muwasho na utoko usio wa kawaida. Kwa maana dalili hizo hushirikiwa na maradhi kadha wa kadha, mengine ya zinaa na mengine siyo, na miongoni mwa yasiyo ya zinaa umo ugonjwa wa fangasi, ambao nataka kuuzungumzia kwa kuwa huwarudia wanawake wengi mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka, mpaka baadhi yao wakadhani ni kudra waliyoandikiwa. Neno langu ni hili: ugonjwa huu mara nyingi huonekana hauponi kwa kuwa haukupata kuthibitishwa hata siku moja. Umetibiwa kwa kubahatisha, na dawa ya kubahatisha ama huukosa ugonjwa wenyewe, ama huutibu nusu, ama huuchochea zaidi.

Tuitazame Butimba, kata iliyo kusini mwa jiji la Mwanza kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, mashuhuri kwa chuo chake cha ualimu na gereza lake kuu. Mwanamke wa hapo, awe mwanachuo, mchuuzi wa dagaa, mama lishe au mke wa mtumishi wa serikali, apatwapo na muwasho usiomwacha kulala, aghalabu haanzii hospitali. Huanzia duka la dawa lililo karibu na kituo cha daladala, ambako hulazimika kuieleza haja yake kwa sauti ya chini, kwani nyuma yake wamesimama wateja wengine, pengine jirani, pengine mkwewe. Husema tu kwamba ana fangasi, au ana yutiai, yaani ugonjwa wa njia ya mkojo, basi. Na muuzaji, ambaye naye hana faragha ya kumuuliza zaidi, humpa alicho nacho: vidonge vya kuingiza ukeni, au kidonge kimoja cha flukonazo, au, kwa bahati mbaya, amoksilini na metronidazo kwa pamoja. Siku nne tano hupata nafuu. Ukipita mwezi mmoja au miwili hali hurejea, naye hurejea dukani. Na safari ya tatu haelezi tena dalili zake, bali hutaja jina la dawa, akalipa, akaondoka.

Hebu tuujue ugonjwa wenyewe. Chanzo chake ni kuvu wa jamii moja na hamira, na asababishaye sehemu kubwa ya maradhi haya huitwa na wataalamu Candida albicans. Si mgeni mwilini: hukaa kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya, na kadiri ya mwanamke mmoja hadi wawili katika kila 10 humbeba ukeni bila dalili yoyote, wala mbebaji wa namna hiyo hahitaji tiba. Humo ukeni huishi pia bakteria wema waitwao laktobasili, ambao kwa kutengeneza asidi huufanya uke uwe mchachu na kuwazuia vimelea wengi wasistawi. Na bakteria hao, pamoja na kinga ya mwili, humweka kuvu katika mpaka wake. Mizani hiyo ikiharibika, kuvu huzidi, huota nyuzinyuzi na kuupenya utando wa juu wa uke, nao mwili hujibu kwa kuvimba. Ndipo mwanamke huona muwasho, wekundu, michubuko, maumivu katika tendo la ndoa, na utoko mweupe mzito ulio kama maziwa ya mgando. Hata kukojoa huchoma, si kwa sababu kibofu kina maradhi, bali kwa sababu mkojo hupita juu ya ngozi iliyochubuka. Na hiyo ni sababu moja ya wengi kudhani wana ugonjwa wa njia ya mkojo, wakanywa antibiotiki zisizowahusu.

Wanawake 3 katika kila 4 hupatwa na ugonjwa huu angalau mara moja maishani, na wengi wao huupata tena siku nyingine. Hilo si la kutisha. Wataalamu huuita ugonjwa urudio pale unapotokea mara 3 au zaidi katika muda wa miezi 12, ingawa wako wanaohesabu kuanzia mara 4. Katika mwaka 2018 wataalamu waliokusanya takwimu za nchi nyingi walikadiria kwamba wanawake wapatao milioni 138 ulimwenguni huusumbukia kila mwaka kwa namna hiyo ya kurudiarudia. Basi dada wa Butimba anayejiona yu peke yake katika chumba chake amezungukwa na umati mkubwa kuliko idadi ya watu wa taifa lake.

Na hapa yanibidi niseme kwa uwazi jambo ambalo kutojulikana kwake kumevunja nyumba. Ugonjwa wa fangasi wa ukeni hauhesabiwi miongoni mwa maradhi ya zinaa. Humpata bikira, humpata mjamzito aliyetulia na mumewe, humpata mjane, humpata mtawa. Kwa kuwa tulizoea kuyaweka malalamiko yote ya sehemu za siri katika fungu moja, mume amwonapo mkewe akijikuna huuliza ametoka wapi, na mke naye humshuku mume, na maneno yakishatamkwa hayarudi kinywani. Ni kweli kwamba mwanamume mmoja mmoja huweza kupata wekundu na muwasho kwenye kichwa cha uume baada ya kukutana na mkewe, naye akipatwa hivyo yafaa atibiwe; lakini mume asiye na dalili hana haja ya dawa, na kumtibu hakujathibitika kuzuia maradhi yasimrudie mke. Mwanamke aliyekwisha kutuhumiwa kwa sababu ya kuvu aishiye tumboni mwa watu wengi wenye afya amedhulumiwa, na dhuluma hiyo wanaume wasomao makala haya waweza kuikomesha leo majumbani mwao.

Turudi kwenye kubahatisha. Mwaka 2002 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 95 ambao walikuwa wamekwisha kujinunulia wenyewe dawa za fangasi madukani, wakiwa na yakini kwamba wanajua waumwacho. Walipopimwa, ni kadiri ya thuluthi moja tu waliokuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na maradhi yatokanayo na bakteria, wengine na mchanganyiko wa maradhi, na wengine hawakuwa na ugonjwa wowote. Ikiwa hali ni hiyo kwa wanawake wenye kusoma maelezo ya kila pakiti, sisi ambao mara nyingi hununua vidonge vilivyokatwa kutoka katika kadi yake, vikafungwa katika karatasi tupu, tutasema nini?

Ugonjwa unaofanana mno na huu, na ambao huenda ndio wengi wanaoudhania kuwa fangasi, ni ule wa laktobasili kupungua na bakteria wa namna nyingine kuzidi. Utoko wake ni mwepesi, wa kijivu au mweupe, na harufu yake ni ya shombo, hasa baada ya tendo la ndoa, wala muwasho wake si mkali sana. Dawa za fangasi haziufai. Vivyo hivyo metronidazo, iufaayo ugonjwa huo, haimwui kuvu hata kidogo. Yako pia maradhi ya trikomona, ambayo ni ya zinaa na hutoa utoko wa manjano au kijani wenye povu. Iko mizio ya ngozi iletwayo na sabuni, manukato na pedi zenye marashi. Na kwa akina mama waliokoma hedhi uko ukavu wa uke, na yako maradhi ya ngozi ya sehemu za siri yawashayo miaka mingi. Akina mama hao nawausia zaidi, kwa sababu kuvu huyu hustawi kwa homoni ya estrojeni, ambayo baada ya hedhi kukoma hupungua sana. Kwa hiyo mwanamke mtu mzima anayewashwa mara kwa mara huenda hana fangasi kabisa, na akiwa nao, kitu cha kwanza kupimwa ni sukari yake.

Kwa wakazi wa kanda ya ziwa kuna ugonjwa mwingine wa kuwekwa akilini, ambao vitabu vilivyoandikwa Ulaya huupita upesi, nao ni kichocho cha sehemu za uzazi. Kichocho cha tumbo, ambacho konokono wake huishi katika maji ya ziwa lenyewe, ndicho kijulikanacho zaidi kwa watu wa pwani ya Butimba na visiwani. Kile cha mkojo konokono wake hupenda madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga, na kwa sababu hiyo kimeenea katika wilaya za bara za mkoa huu kama Misungwi, Kwimba na Magu, ambako wanawake wengi walioko mjini walizaliwa na kulelewa, wakachota maji, wakapanda mpunga, wakaoga. Mayai ya minyoo ya kichocho hicho huweza kukwama katika kuta za uke na shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, muwasho, utoko, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa, miaka mingi baada ya msichana kuyaaga majaruba ya kwao. Mwanamke huyo hutibiwa fangasi, kisha hutibiwa maradhi ya zinaa, kisha hutuhumiwa, ilhali dawa yake ni prazikwanteli. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha ili waganga wapate kukitambua kichocho hiki kwa macho, na mganga wa kanda ya ziwa asiyemwuliza mgonjwa wake alikulia wapi na alichota maji wapi ameacha swali la lazima.

Sasa tuseme mwanamke amepimwa, na imethibitika kwamba kweli ni fangasi, na kweli humrudia. Kwa nini? Sababu iliyo dhahiri kuliko zote ni antibiotiki. Dawa hizi huua bakteria na kumwacha kuvu, ambaye si bakteria, akipata nafasi tele. Na katika nchi ambamo amoksilini hununuliwa kwa mafua, kwa jino, kwa kichwa na kwa uchovu, si ajabu kuvu akanawiri. Hapo ndipo tiba ya kutazama dalili inaposhtakiwa kwa insafu: mwanamke mwenye fangasi tu, akipewa fungu zima la dawa za maradhi ya zinaa kwa tahadhari, ameongezewa kile kilichomwumiza. Ya pili ni kisukari. Sukari ikizidi mwilini huzidi pia katika majimaji ya sehemu hizo, na kinga ikadhoofika. Mara nyingine muwasho urudio ndio ujumbe wa kwanza wa kisukari ambacho mgonjwa hakijui. Ya tatu ni kinga iliyoshuka, ama kwa VVU ama kwa matumizi marefu ya dawa za jamii ya steroidi. Ya nne ni mimba, ambayo kwa wingi wa homoni zake huuleta ugonjwa huu mara kwa mara, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni nyingi huweza kufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya wanawake. Lakini mtu asiviache kwa kusikia tu, bali ashauriane na muuguzi wa kliniki, kwani zipo njia nyingine. Na ya mwisho, ambayo wengi hawapendi kuisikia, ni kwamba wako wanawake wenye afya kamili, wasafi, wasio na kisukari wala VVU, ambao ugonjwa huwarudia kwa namna tu miili yao ilivyoumbwa kumpokea kuvu huyu. Hao hawana kosa lolote la kutafutiwa.

Usafi umetajwa, nao nitaukalia kwa kitambo, kwa kuwa hapa mapenzi mema hufanya madhara makubwa. Watafiti wa Mwanza walipata kuwaomba wanawake wafanyao kazi katika baa, mikahawa na nyumba za wageni waweke daftari la kila siku la namna wajisafishavyo, na daftari hizo zilionyesha kwamba kujiosha ndani ya uke kwa vidole, maji na sabuni ni mazoea ya kawaida kabisa. Wengine katika nchi yetu hutumia shabu ili kubana, limau ili kuondoa harufu, maji ya chumvi, asali, au punje za kitunguu saumu. Nia ni njema, nayo ni kumpendeza mume na kujiona safi. Lakini uke hujisafisha wenyewe kwa utoko wake, na kila kinachoingizwa humo kwa ajili ya usafi huwaosha laktobasili, huchubua utando, na kuyafungulia njia maradhi ambayo mwanamke alikuwa akiyakimbia. Shabu hukausha, limau huchoma, kitunguu saumu huunguza. Maji safi kwa nje, mara moja au mbili kwa siku, yatosha. Na atakaye sabuni achague isiyo na manukato, aitumie kwa ngozi ya nje tu.

Wako akina mama wa Kiislamu wanaodhani kwamba twahara haitimii mpaka waoshe ndani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, kilicho faradhi katika josho la mwanamke ni kile kidhihirikacho nje achuchumaapo; cha ndani hakikulazimishwa. Yapendeza masomo na makungwi, ambao maneno yao husikilizwa kuliko ya daktari, wawafundishe hivyo mabinti waingiapo katika ndoa.

Zipo sababu nyingine zitajwazo sana ambazo ithibati yake ni haba. Choo cha jumuiya, mathalani, husingiziwa fangasi katika kila bweni la wanafunzi, hata zikauzwa dawa za kunyunyizia vyoo kwa ahadi ya kuzuia maradhi. Lakini kuvu huyu hutoka mwilini mwa mtu mwenyewe, haruki kutoka katika sakafu ya choo. Maji ya bomba hayaleti fangasi. Kula sukari hakujathibitika kuwadhuru kwa jambo hili wasio na kisukari, na kunywa mtindi, ambao ni chakula chema, hakujathibitika kuwaponya. Nguo ya ndani ya nailoni inayobana, iliyolowa jasho kutwa nzima katika joto la mchana wa ziwani, huongeza unyevu na kumkirihi mwenye ngozi iliyokwisha kuwashwa, kwa hiyo pamba ni bora; na nguo hizo zianikwe juani bila kufichwa chini ya kanga zikabaki mbichi. Haya ni mazuri kuyashika, lakini asiambiwe mwanamke kwamba ameugua kwa sababu ya namna anavyoanika.

Dawa zenyewe ziko, nazo ni za zamani kiasi. Mpaka katikati ya karne iliyopita tiba iliyotegemewa sana ilikuwa ile rangi ya zambarau iitwayo jivii, iliyochafua kila nguo iliyoigusa. Mwaka 1950 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, walitangaza dawa waliyoipata katika vijidudu vya udongo, wakaiita nistatini kwa heshima ya jimbo la New York waliloajiriwa nalo. Na fedha walizostahili kulipwa kwa ugunduzi huo wakazitoa zote kwa ajili ya utafiti. Baadaye zikaja klotrimazo, ambayo huingizwa ukeni au kupakwa, na flukonazo, ambayo humezwa. Kwa ugonjwa wa mara moja, klotrimazo ya siku chache au kidonge kimoja cha flukonazo cha miligramu 150 huwaponya wengi. Mjamzito atumie klotrimazo ya kuingiza kwa siku 7, wala asimeze flukonazo. Na atumiaye dawa za mafuta za kuingiza ukeni ajue kwamba huidhoofisha kondomu ya mpira.

Kwa ugonjwa urudio, kidonge kimoja hakitoshi, na hapa ndipo duka la dawa lisipoweza kuwa hospitali. Njia iliyothibitishwa ni kwanza kuuzima ugonjwa kwa flukonazo ya miligramu 150 mara 3, kila baada ya siku 3, kisha kuendelea kumeza kidonge kimoja kila juma kwa miezi 6. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004, wenye wanawake 387, zaidi ya 90 katika kila 100 waliotumia dawa kwa namna hiyo walifika mwisho wa miezi 6 bila ugonjwa kurudi, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake walikuwa kama 36 tu katika 100. Lakini insafu yataka tuseme na lililobaki: miezi 6 baada ya kuacha dawa, walioendelea kuwa salama walikuwa kama 43 katika 100. Maana yake ni kwamba wapo ambao dawa huutuliza ugonjwa bila kuung'oa, nao huhitaji kurejea tiba hiyo chini ya uangalizi. Mwenye maradhi ya ini, na atumiaye dawa nyingine kila siku, amwambie daktari kabla ya kuanza.

Na pale flukonazo inaposhindwa kabisa, huenda kuvu si albicans bali ndugu yake aitwaye glabrata, ambaye huistahimili. Kumjua huhitaji kumwotesha maabara, na tiba yake hutumia mara nyingine kapsuli za asidi ya boriki za kuingiza ukeni, ambazo ni sumu ya kuua zikimezwa, wala hazifai kwa mjamzito. Hiyo si dawa ya kujinunulia kwa mtu awaye yote.

Kipimo cha kwanza chenyewe ni kidogo mno kwa kulinganishwa na mateso yanayoweza kuepukwa. Muuguzi huchukua utoko kwa kijiti cha pamba, hugusisha karatasi ya kupimia uchachu, akauweka mwingine juu ya kioo pamoja na tone la maji ya potasi, na mtaalamu wa maabara akautazama kwa hadubini. Uke wenye fangasi aghalabu hubaki mchachu kama kawaida, na uchachu ukipungua huwa ni dalili ya bakteria au trikomona. Ni kazi ya dakika chache. Hadubini si kitu adimu tena katika Mwanza kama ilivyokuwa mwaka 1991: iko katika vituo vya afya kwa ajili ya malaria na kifua kikuu, na wagonjwa walioshindikana hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Sekou Toure, au Bugando, ambayo tangu mwaka 1971 imesimama juu ya kilima chake ikiitumikia kanda nzima. Kipungukacho mara nyingi ni chumba chenye pazia, muuguzi wa kike, na maneno ya staha yasiyomhukumu mgonjwa kabla ya kumpima. Hayo wakuu wa vituo vya afya wanaweza kuyatengeneza bila kungoja mfadhili, nami nawasihi wayatengeneze.

Nawe mama, nawe dada, uliye Butimba au kwingineko, kama mwaka huu umekwisha kujitibu fangasi mara tatu, usinunue dawa ya nne. Nenda kituo cha afya kabla ya kuingiza wala kumeza chochote, ili kipimo kisipotoshwe, nawe uombe kwa jina vitu vitatu: upimwe utoko kwa hadubini, upimwe sukari, upimwe VVU. Kama ulikulia penye malambo au majaruba, litaje hilo pia bila kungoja kuulizwa. Kuomba kupimwa ni haki yako, na ukijibiwa kwa dharau, muombe mganga mkuu wa kituo akusikilize.